Mtoto mchanga mwenye figo moja inayofanya kazi: mwongozo kwa wazazi

Daktari akishasema mtoto wako ana figo moja tu inayofanya kazi, akili yote hukimbilia ile isiyokuwepo. Imekwenda wapi? Nilikula nini? Nilibeba kitu kizito? Itaota baadaye? Ni maswali ya haki na nitayagusa. Ila ninachotaka ushike tangu mwanzo ni hiki: afya ya mtoto huyu itategemea figo aliyonayo. Ikiwa ni nzima, inatosha kabisa kumlea mwanadamu hadi uzeeni, na kazi yako ni kuilinda. Ikiwa nayo ina kasoro, kuna kazi zaidi, na kila wiki unayoijua mapema ina faida.

Hatua ya 1: Jua kwa hakika mtoto ana tatizo la aina gani

Maneno "figo moja" hufunika hali kadhaa, na zinatofautiana.

Ya kwanza ni figo ambayo haikuumbika kabisa. Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya 1,000 hadi 2,000, na inayokosekana zaidi ni ya kushoto. Ya pili ni figo iliyoumbika vibaya ikabaki kuwa kifurushi cha vifuko vya maji visivyochuja chochote. Hii kwa kawaida haikatwi. Kwa watoto wengi hujisinyalia polepole hadi altrasaundi ya miaka ya baadaye haiioni tena. Tafadhali usiichanganye na ule ugonjwa wa kurithi wa vifuko unaoshika figo zote mbili. Ni kitu kingine kabisa, lakini kwa kuwa majina yanafanana, wazazi hurudi nyumbani wakasoma kuhusu ugonjwa usio wao na kulia usiku kucha. Mwombe daktari akutajie waziwazi ni upi. Hali ya tatu ni figo iliyopo lakini imedumaa, au imeharibiwa na mkojo uliokosa njia ya kutoka.

Kisha uliza swali moja ambalo hupitwa kirahisi: je, hiyo figo ya pili imetafutwa kila mahali? Figo huanza kuumbika chini, kwenye nyonga, halafu hupanda. Wakati mwingine moja hukwama huko chini, au huvuka upande wa pili na kuungana na mwenzake. Altrasaundi ya haraka yaweza kuikosa. Pale daktari anapotaka uhakika hutumia picha ya nyuklia iitwayo DMSA, inayoonyesha ni wapi kuna nyama ya figo inayofanya kazi. Mara nyingi husubiri mtoto afikishe wiki kadhaa, kwa sababu figo ya siku chache bado haijakomaa na picha haisomeki vizuri.

Kuhusu lawama. Figo huanza kuumbika karibu na wiki ya 5 ya ujauzito, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Kubeba ndoo, kugombana na mtu, kulala kifudifudi, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofuta figo. Kisukari kisichodhibitiwa wakati wa ujauzito na dawa chache vinaweza kuongeza uwezekano, kwa hiyo kama ulikuwa navyo mwambie daktari. Kwa wengi, sababu haipatikani. Mama aliyetoka kujifungua asibebeshwe kesi hii na mtu yeyote, awe mume, mama mkwe au yeye mwenyewe.

Hatua ya 2: Soma ripoti ya figo iliyopo

Omba ripoti iliyoandikwa. Usiridhike na maelezo ya mlangoni. Ukiwa na hofu husikii nusu ya unachoambiwa.

Figo ya mtoto mchanga kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 4 hadi 5. Figo iliyo peke yake huanza kunenepa tangu tumboni mwa mama, hivyo mara nyingi ripoti husema ni "kubwa kuliko kawaida". Wazazi wakiona maneno hayo roho huwa juu. Kumbe hiyo ndiyo habari njema: figo imehisi kazi na imejipanua. Linalopaswa kukufanya uulize maswali ni kinyume chake: figo pekee yenye ukubwa wa kawaida tu, au ndogo, au inayong'aa isivyo kawaida kwenye altrasaundi, au iliyotanuka kwa mkojo uliotuama ndani.

Hapa kuna jambo la kuelewa vizuri. Figo moja ina wastani wa vichujio vidogo vipatavyo milioni 1. Vyote hujengwa kabla ya kuzaliwa, hadi karibu wiki ya 36 ya ujauzito, na baada ya hapo havijengwi vingine. Figo pekee hukua kwa kunenepesha vichujio ilivyonavyo. Ndiyo maana haioti nyingine, ndiyo maana mtoto njiti mwenye figo moja huhitaji jicho la karibu zaidi, na ndiyo maana kila kichujio kinachoharibiwa na maambukizi au dawa hakirudi. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapa.

Angalia pia tarehe za vipimo. Mtoto hutoa mkojo kidogo katika siku 2 za kwanza, kwa hiyo figo iliyotanuka inaweza kuonekana imenywea na picha ikasomeka safi. Kama altrasaundi ilifanyika siku hizo, uliza itarudiwa lini. Hilo halihusu mtoto ambaye figo yake pekee ilionekana imetanuka tangu tumboni, wala mtoto wa kiume ambaye mkojo wake hudondoka matone tu badala ya kuruka. Hao hupimwa siku hiyo hiyo, maana huenda njia imeziba.

Kreatinini, yaani taka ya mwili inayopimwa kwenye damu ili kujua figo inachuja vipi, nayo ina mtego wake. Damu ya mtoto wa siku moja au mbili bado ina kreatinini ya mama yake, kwa hiyo kiwango cha siku hizo hakisemi lolote kuhusu figo ya mtoto. Kinachotazamwa ni namna kinavyoshuka wiki zinavyokwenda, na kwa njiti hushuka taratibu zaidi.

Ukiambiwa kuna kipimo cha kujaza kibofu rangi kwa mrija mdogo ili kuona kama mkojo unarudi nyuma kwenda kwenye figo, uliza kwa nini mtoto wako anakihitaji. Zamani karibu kila mtoto mwenye figo moja alifanyiwa; siku hizi madaktari wengi huchagua, hasa pale figo imetanuka au mtoto ameshapata maambukizi ya mkojo.

Jambo la mwisho hapa, na nalisisitiza kwa wazazi wa mabinti. Figo na mfuko wa uzazi huumbika kwa wakati unaokaribiana na kwa kutegemeana, na msichana aliyekosa figo upande mmoja anaweza kuwa na mfuko wa uzazi uliogawanyika au ulioziba upande huo huo. Katika wiki za kwanza mfuko wa uzazi wa mtoto huwa umevimba kidogo kwa homoni za mama yake, hivyo huonekana kwa urahisi. Baadaye hunywea, na kuuona vizuri huwa vigumu hadi karibu na kubalehe. Kwa hiyo omba utazamwe katika altrasaundi hiyo hiyo ya figo. Ikishindikana, liandikwe kwenye faili: aangaliwe kabla ya hedhi ya kwanza. Kuna wasichana wanaoteseka kwa maumivu makali ya tumbo miezi na miezi kwa sababu damu imekosa njia upande mmoja, na hakuna aliyekumbuka habari za figo. Kwa mvulana, daktari hukagua korodani na sehemu za siri. Kwa wote wawili hukagua moyo, uti wa mgongo na njia ya haja kubwa.

Hatua ya 3: Hesabu nepi

Kipimo chako cha kila siku ni mkojo. Watoto wengi hukojoa mara ya kwanza ndani ya saa 24. Siku ya pili nepi mbili mbichi, ya tatu tatu, na kuanzia siku ya 5 au 6 tarajia nepi 6 au zaidi kwa kila saa 24. Doa la rangi ya chungwa au waridi kama vumbi la tofali katika siku za mwanzo kwa kawaida ni chumvichumvi za mkojo, ishara kwamba anahitaji maziwa zaidi. Likiendelea baada ya wiki ya kwanza, au ukiona damu halisi, mpeleke.

Mnyonyeshe kama mtoto mwingine yeyote. Figo moja iliyo nzima haihitaji maziwa maalumu. Utakutana na ushauri wa "mpe maji mengi yamsafishe figo". Usiufuate. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupata maji yote anayohitaji kwenye maziwa, na maji matupu humjaza tumbo bila kumlisha na yanaweza kushusha chumvi ya damu hadi akapata degedege. Kama anatumia maziwa ya kopo, pima kama kopo linavyoelekeza. Kijiko cha ziada cha unga ni mzigo kwa figo, na maji ya ziada ni njaa kwa mtoto. Atakapoanza kula vyakula vingine, chumvi isiongezwe kwenye chakula chake kabla ya mwaka 1.

Kuhara na kutapika ndiko kunakotisha zaidi upande huu, kwa kuwa mtoto mdogo hukaukiwa maji kwa saa chache. Nyonyesha mara kwa mara zaidi, mpe ORS kwa kiasi atakachosema mhudumu wa afya, na usingoje hadi kesho ukiona utosi umebonyea, mdomo umekauka, mtoto amelegea au nepi imekaa kavu kwa saa 6.

Hatua ya 4: Homa ni dharura mpaka mkojo upimwe

Kama utasahau kila kitu kwenye ukurasa huu, usisahau sehemu hii. Maambukizi ya mkojo yakipanda hadi kwenye figo huacha kovu, na penye kovu hapachuji tena. Mwenye figo mbili ana akiba. Mtoto wako hana.

Nunua kipimajoto na kiwe nyumbani kabla hujakihitaji. Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi anaonwa na daktari leo, hata kama ni saa nane za usiku. Usimpe kwanza dawa ya kushusha homa ili uone kama itapoa. Utaficha dalili na kupoteza saa za thamani. Na mtoto mchanga anaweza kuwa na maambukizi bila homa kabisa. Anakataa ziwa, analala kupita kiasi, anatapika, umanjano hauishi, haongezeki uzito, au mwili umekuwa wa baridi chini ya nyuzi 35.5. Zote hizo ni sababu za kutoka nyumbani.

Ukifika mapokezi, sema kwa ufupi na kwa mpangilio huu: umri, figo, joto. "Mtoto wangu ana wiki tano, ana figo moja tu inayofanya kazi, ana joto la 38.3. Naomba apimwe mkojo kabla ya kuanza antibayotiki." Kama yuko hoi, daktari ataanza dawa mara moja na hapo usibishane. Vinginevyo mkojo uchukuliwe kwanza, kwa sababu dawa ikishaingia mdudu anaweza asiote maabara, na mtabaki mnakisia.

Namna ya kuchukua mkojo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ule mfuko wa plastiki unaobandikwa kwenye ngozi huokota vijidudu vya ngozi na kinyesi. Majibu yake yakiwa safi yanaaminika kiasi. Yakionyesha wadudu, hayatoshi. Mkojo unaodakwa hewani ni bora, na mzazi anaweza kuudaka. Mvue nepi, msafishe kwa maji safi, mkaushe. Mmoja ampakate miguu ikining'inia, mwingine ashike kikopo kisafi cha maabara karibu, bila kugusa ngozi wala kuingiza kidole ndani. Kisha chukua kipande cha shashi kilicholoweshwa maji baridi, umsugue taratibu kwa kuzungusha chini ya kitovu, juu kidogo ya kinena. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa 2017, kwa watoto wa mwezi 1 hadi 12, ulionyesha kwamba waliosuguliwa hivyo walikojoa ndani ya dakika 5 mara nyingi zaidi kuliko waliosubiriwa tu. Acha matone ya kwanza yaanguke, daka yanayofuata, funika, na upeleke maabara papo hapo. Ikishindikana, daktari atatumia mrija mwembamba. Inaumiza kutazama, lakini jibu lake ni la kuaminika. Mkubalie.

Kuzuia nako kuna nafasi yake. Msichana afutwe kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa mvulana, tohara hupunguza maambukizi ya mkojo katika miezi ya mwanzo, na kwa mtoto wa figo moja ni mazungumzo ya kufanya na daktari, hasa kama mkojo unarudi nyuma. Kabla ya kutahiri, tundu la mkojo lazima liwe limekaguliwa kwamba liko kwenye ncha; likiwa chini yake, ngozi ile itahitajika kwa matengenezo. Antibayotiki ya kila siku ya kinga si kwa kila mtoto mwenye figo moja. Ukiandikiwa, uliza ni kwa sababu gani na hadi lini.

Hatua ya 5: Linda mlango wa dawa

Ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zao hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mtoto anayetapika au kuharisha huumizwa nazo haraka zaidi. Zisiingie kwa mtoto huyu isipokuwa daktari anayejua habari za figo yake ameziagiza mwenyewe. Dawa ya homa na maumivu ni parasetamo, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake wa leo, na kwa mtoto wa chini ya miezi 3 baada ya kuonwa na mtaalamu. Soma kichupa cha kila sirapu ya mafua, nyingine zimechanganywa.

Jentamaisini, antibayotiki ya sindano, ni tofauti. Inaweza kuumiza figo, lakini pia huokoa maisha ya watoto wachanga wenye maambukizi makali. Usiikatae. Hakikisha tu anayeiandika anajua mtoto ana figo moja, ili kipimo na muda wake viangaliwe. Vivyo hivyo kabla ya picha yoyote inayohitaji kuchomwa rangi kwenye mshipa.

Dawa za mitishamba, maji ya mizizi, vitu vya kulambisha ili tumbo litulie: hapana. Najua mara nyingi huletwa na mtu mzima mwenye mapenzi ya kweli, na ni vigumu kumkatalia usoni. Mwambie, "Bibi, daktari amekataza kitu chochote kisicho maziwa, figo ni moja." Mwachie daktari lawama hiyo, ataibeba.

Chanjo apewe zote kwa ratiba yake.

Hatua ya 6: Kliniki, presha na daftari

Ratiba hutofautiana, ila kwa mtoto ambaye figo yake ni nzima utakuta altrasaundi chache katika mwaka wa kwanza au miwili ili kuona kama inakua, halafu mara chache zaidi. Vitu viwili havikomi: presha na protini kwenye mkojo, kwa kawaida angalau mara moja kwa mwaka, hata atakapokuwa kijana anayeona kliniki ni usumbufu. Vichujio vinavyofanya kazi ya ziada vinaweza kuchoka baada ya miaka mingi, na dalili za mwanzo ni hizo mbili. Haziumi. Hazionekani kwa macho. Mtoto mwenye afya tele ndiye anayeachishwa kliniki na wazazi, na hapo ndipo hatari inapojificha.

Presha ya mtoto mchanga hupimwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo fahamu inavyofanywa. Mkanda uwe wa saizi yake. Mdogo mno hupandisha namba. Ufungwe mkono wa kulia, mtoto akiwa amelala au ametulia. Kama alikuwa analia, namba hiyo si ya kuaminika. Omba kwa upole ipimwe tena akishatulia.

Weka daftari, na kurasa zake za kwanza ziwe na haya: ni figo gani ipo na urefu wake kwa tarehe, uzito, presha, majibu ya mkojo na kreatinini, dawa za kuepuka, jina la daktari wake. Piga picha kurasa hizo ziwe kwenye simu ya baba, mama na yeyote anayeshinda na mtoto. Usiku wa homa si wakati wa kutafuta karatasi.

Na maisha mengine?

Mbebe, mwogeshe, mlaze, mwache atambae na kuanguka. Figo imekaa ndani, nyuma, chini ya mbavu. Akikua atacheza, majeraha ya figo michezoni ni machache, na kwa michezo ya kugongana kwa nguvu mtaamua na daktari wakati huo ukifika. Akianza kujifunza kwenda chooni, angalia asipate choo kigumu na asizoee kubana mkojo, maana vyote viwili huita maambukizi.

Watu watakupa moyo kwa mfano wa waliotoa figo kwa ndugu zao, jambo linalofanyika kwa mafanikio tangu 1954. Ni mfano mzuri, lakini aliyetoa figo alichunguzwa kwanza akiwa mtu mzima na kuthibitishwa kwamba inayobaki ni nzima. Mtoto wako hajachagua, na figo yake ina miaka mingi zaidi ya kufanya kazi peke yake. Ndiyo maana kliniki.

Mkipanga mtoto mwingine, mwambieni mhudumu mapema kabisa. Altrasaundi ya karibu wiki ya 20 huweza kuonyesha figo zote mbili na kibofu, na anayepima akijua anachotafuta hutazama kwa makini zaidi. Baadhi ya madaktari hushauri pia wazazi na ndugu wa mtoto wapimwe altrasaundi ya figo. Ni kipimo kisichouma, na wapo watu wazima wanaogundua siku hiyo kwamba wao wenyewe wameishi na figo moja maisha yao yote.